Samaki wa Mita 2,316

Kisima Namba Kumi na Moja kilikaa miaka minane kikiwa kimefungwa. Kilipofunguliwa tena, wafanyakazi wakagawanyika makundi mawili: wale waliosema kinagonga, na wale waliosema hawajasikia kitu lakini hawakupita karibu nacho peke yao. Inspekta alifika saa tatu asubuhi, faili kwapani, amevaa viatu vya ofisini visivyofaa hata kidogo kwa tope la pale. Visima vinavyogonga hakuviamini. Alichokiamini ni kwamba faili lile alilifunga yeye mwenyewe, kwa mkono wake, na sasa alikuwa analiogopa.

"Kumbe ndiye wewe," alisema mwanamke aliyekuwa anamngoja mlangoni mwa kontena la maabara. "Mama aliniambia una kovu juu ya jicho."

"Mama yako ana kumbukumbu nzuri."

"Alikuja kwako mara kumi na moja. Hata ningekuwa mimi ningekukumbuka."

Binti huyu alikuwa na miaka ishirini na sita, na kazi yake ilikuwa kuosha chenga za mwamba zinazoletwa juu na tope la kuchimbia, kuzichekecha na kuzisoma. Wenzake walimwita Chekeche, naye alishazoea kuitika. Baba yake aliwahi kufanya kazi kwenye kisima hiki hiki. Siku kilipofungwa, baba hakurudi nyumbani. Inspekta, enzi hizo akiwa sajini, alionyeshwa daftari la getini lenye sahihi ya kutoka saa kumi jioni, akaandika: "Inaaminika ameitelekeza familia yake." Mtaa mzima ulilipokea neno hilo kwa mikono miwili, na mke wa mtu akaishi nalo miaka minane.

"Nionyeshe hiyo karatasi," alisema.

Chekeche alifungua kabrasha la kisima, lile la zamani, lililoletwa kwa ajili ya kazi mpya. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mistari miwili kwa kalamu ya bluu: *Tumemwacha chini mita 2,316. Tumemfunika kwa saruji mifuko themanini. Kisima kifungwe.* Chini yake sahihi ya Msimamizi wa kisima, yule yule wa mpaka leo, na tarehe. Ilikuwa tarehe ile ile ambayo baba yake hakurudi.

"Nimeisoma jana mchana," alisema. "Nikabonyeza kitufe chekundu, kazi yote ikasimama. Wameniambia nimerukwa na akili."

"Mwenye akili anabonyeza kitufe, halafu anaenda polisi. Wewe umefanya yote mawili." Inspekta alitazama nje, ambako kipande cha bomba la ukuta wa kisima kilikuwa kimesimamishwa kama kielelezo. Aliweka kiganja kwenye mdomo wa bomba hilo. Upana wake haukufika shibiri. "Ukuta wote una upana huu?"

"Wote."

"Basi mtu hapiti hapa, binti yangu."

"Akiwa mzima hapiti," alisema Chekeche.

Inspekta aliuondoa mkono haraka, akaona aibu kwa kuuondoa haraka.

Muda haukuwa wa kuchezea. Kazi yenyewe ilikuwa ya kuchepusha kisima: badala ya kuchimba kipya tangu juu, unashuka ndani ya kile cha zamani, unatega kabari ya chuma mita 2,150, na kekee ikiikuta kabari hiyo inapinda, inatoboa dirisha kwenye ukuta na kwenda zake pembeni kutafuta mafuta yaliyobaki. Kabari ikishategwa imetegwa. Chochote kilichoko chini yake hakitaonekana tena na mtu wala chombo. Mkuu wa kituo alikuwa amempa Inspekta mpaka saa kumi na mbili jioni, na baada ya hapo kabari ingeshuka.

Alianza na Opereta.

Opereta alikaa kwenye kibanda cha vioo nyuma ya gurudumu kubwa kuliko lori, lililoviringishiwa bomba moja lisilo na kiungo tangu mwanzo hadi mwisho. Wenyewe waliliita koili. Hilo ndilo linaloshuka kisimani, likinyooshwa na kusukumwa na mashine iliyokaa juu ya kichwa cha kisima. Alikuwa mtu wa maneno mengi, mnene, mgeni pale, ana miezi miwili tu.

"Afande, samahani nikicheka," alisema baada ya kusoma mistari miwili. "Huyu siyo mtu. Huyu samaki."

"Samaki?"

"Kifaa kikikatikia kisimani tunakiita samaki. Kazi ya kukitoa tunaiita kuvua. Sasa samaki unamwachaje? Unamwacha, hukiachi. Ndiyo maana imeandikwa *tumemwacha*. Kila mtu wa kisima angeandika hivyo hivyo." Alimrudishia karatasi. "Maskini Chekeche. Ameshinda akilia juu ya chuma."

Lilikuwa jibu safi, na lilimfaa Inspekta kuliko mtu mwingine yeyote: kumbe sajini hakukosea, mtu yule alitoka getini kwa miguu yake. Kwa sababu lilimfaa hivyo, aliamua kulichunguza.

"Na wewe huyo samaki umemwona?"

"Kumwona haiwezekani, ila nimemgusa. Jumatatu. Kabla ya kutega kabari ni lazima ushushe koili mpaka chini, uhakikishe njia ni nyeupe. Nimemgusa mita 2,316, nikaandika."

"Ukigusa kitu unajuaje?"

"Uzito. Koili ikining'inia sindano inaonyesha uzito wake wote. Ikikalia kitu, sindano inaanguka."

"Na mashine inaandika?"

"Sekunde kwa sekunde."

"Nipe chati ya Jumatatu."

Hapo ndipo maneno ya Opereta yalipopungua. Alitafuta chati chini ya kiti, juu ya kabati, akaikuta mahali ilipokuwa siku zote. Inspekta aliifuata kwa ncha ya kalamu. Mstari wa uzito ulipanda pole pole kadiri bomba lilivyoshuka. Kwenye mita 2,316 uliendelea kupanda. Kwenye 2,340 vile vile. Haukuanguka popote.

"Samaki wako ana adabu," alisema Inspekta. "Amekupisha."

"Afande..."

"Mimi siyo mwajiri wako. Sema."

Opereta alijifuta uso kwa kofia. "Wiki iliyopita nilikata mita ishirini mwishoni mwa koili. Chuma kikikunjwa na kukunjuliwa sana kinachoka, inabidi ukate. Jumatatu nikashuka. 2,316, hakuna kitu. Nikasema, ah, ni zile mita ishirini, sikurekebisha kaunta ya kuhesabu mita sawasawa. 2,336, hakuna. Nikaenda mpaka 2,390, hakuna. Kitabu cha zamani kinasema samaki yuko pale, kimeandikwa na Msimamizi mwenyewe, mtu wa visima arobaini. Mimi ni nani? Nikasema kaunta yangu mbovu. Nikaandika kama kitabu kilivyosema."

"Uliiamini karatasi, ukalikana bomba."

"Ndiyo kosa letu sisi wa koili, afande. Kaunta ikigombana na kitabu, tunairekebisha kaunta."

"Shusha tena. Sasa hivi, mbele yangu."

Ilichukua zaidi ya saa mbili. Gurudumu lilizunguka, bomba likaingia ardhini taratibu, na Chekeche akasimama nyuma ya kiti cha Opereta bila kuondoa macho kwenye sindano. Inspekta alikuwa ametandaza mchoro wa kisima mapajani. Mchoro ulionyesha kiungo chembamba kwenye mita 1,904, mahali ambapo kichwa cha koili lazima kisugue.

"Tukifika hapo, na sindano ikacheza hapo hapo, kaunta ni nzima," alisema. "Kama ni mbovu itatuambia mapema."

Sindano ilicheza kwenye mita 1,904. Opereta alisoma namba mara mbili, mara ya pili kwa sauti ndogo.

2,150 ikapita. 2,300 ikapita. Kwenye 2,316 Chekeche alishika mgongo wa kiti kwa mikono miwili. Sindano haikutikisika. Bomba liliendelea kwenda chini bila kizuizi mpaka 2,472, sakafu ya kisima yenyewe, na hapo tu ndipo uzito ulipoanguka.

"Kweupe," alisema Opereta. "Hakuna samaki. Hakuna hata saruji. Wala punje."

Alizima pampu. Kelele iliyokuwa imewajaa masikioni tangu walipoanza kushusha ilikatika, na eneo zima likawa kimya. Ndipo waliposikia wote watatu, kutoka upande wa kichwa cha kisima: ngo. Kisha tena: ngo. Kisha mara ya tatu, bila haraka, namna mtu anavyobisha akijua wenye nyumba wamo.

"Chuma kinapoa," alisema Opereta. Hakumtazama mtu.

"Kila pampu ikizimwa," alisema Chekeche. "Kila mara, mara tatu. Mwanzoni nilikuwa nahesabu. Sasa nasubiri tu."

Inspekta aliingiwa na hofu, na hakuficha kwamba ameingiwa nayo. Alivuta pumzi, akarudi kwenye jambo lililokuwa na hesabu. Samaki hayupo, sawa, samaki anaweza kutungwa kwa kalamu. Lakini saruji ilikuwa na stakabadhi ya ghala ndani ya kabrasha, imetoka kweli, mifuko themanini. Mifuko themanini haikushuka kisimani. Je, ilikwenda wapi?

Mtu aliyejenga nyumba kwa mshahara wa polisi anajua kila mfuko unaishia wapi, maana kila mmoja aliulilia. Mifuko minane, pamoja na mchanga na kokoto, inatoa mita moja ya ujazo ya zege. Themanini inatoa kumi. Inspekta alitoka kibandani akaanza kutembea eneo zima akitafuta mita kumi za zege zisizo na sababu.

Hakutembea sana. Kichwa cha kisima kilisimama ndani ya shimo la mraba lililojengwa kwa zege, lenye wavu wa chuma juu yake. Wafanyakazi waliliita sela. Alifunua kipande cha wavu, akashuka. Alitarajia ngazi ndefu, akashuka vidato vitatu tu miguu ikagusa. Chini kabisa, kwenye ubavu wa kichwa cha kisima, palikuwa na gurudumu la valvu, lile la kuzungusha kwa mikono miwili. Nusu yake ilikuwa imezama sakafuni. Hakuna mtu mwenye akili anayejenga valvu isiyozungushika.

"Mchoro unasema sela ina kina gani?" aliuliza kutoka chini.

Chekeche alikuwa amesimama juu yake. Alitafuta kwenye karatasi. "Mita tatu."

Inspekta alipima kwa tepu. Mita moja na senti arobaini. Kisha akapima upande hadi upande: mbili na nusu, kwa mbili na nusu. Alizidisha kichwani, akarudia kwa kalamu kwenye kiganja kwa sababu hakutaka kukosea tena katika kesi hii. Mita kumi za ujazo. Zilitimia.

Alipotazama juu, Chekeche alikuwa ameshazidisha pia. Hakulia. Alipiga magoti pale ukingoni, akashika wavu kwa vidole, na Inspekta akapanda haraka kwa sababu hakuweza kuendelea kusimama mahali aliposimama.

Msimamizi alikuwa ofisini kwake, kontena lenye feni na meza safi. Mvi zote, sauti ya upole, mtu anayependwa. Yeye ndiye aliyempa Chekeche kazi miezi miwili iliyopita, na alimwita mwanangu mbele ya watu.

"Karibu, Inspekta. Nimesikia mmeshusha tena. Huyo binti ananihuzunisha. Ni lugha ya kazi tu, samaki..."

"Opereta amenifundisha. Samaki gani?"

"Mota ya kekee."

"Urefu wake?"

"Mita nne na kidogo. Miaka mingi, bwana."

"Haipo."

"Huwa wanashuka wenyewe, hawa. Anateleza mpaka chini."

"Tumefika chini. Saruji nayo imeteleza?"

Msimamizi alinyoosha kalamu mezani iwe sambamba na karatasi. "Labda kuna makosa ya kuandika."

"Hilo nimeliwaza. Nikaomba makabrasha yako mengine." Inspekta aliweka matano mezani, akafungua moja baada ya jingine pale alipokuwa ameweka alama. "Unaandika vizuri sana. Hapa: *Samaki, mota, mita 4.2, namba ya chuma hii.* Hapa: *Samaki, kekee na kiungo chake, mita 1.1.* Hapa tena. Umepoteza vifaa mara tano maishani, na kila mara umeandika ni samaki gani, urefu na namba. Mara moja tu hukuandika samaki. Uliandika *tumemwacha*, basi. Mlimwacha nani, Msimamizi? Sentensi haina mtu wala samaki."

Feni ilizunguka. Nje hakukuwa na sauti ya mashine yoyote.

"Nimepima sela," alisema Inspekta.

Msimamizi alifumba macho. Akiwa bado ameyafumba, alianza kusema, na sauti yake ilikuwa ile ile ya upole. "Tulikuwa tunapima mgandamizo wa bomba la pembeni. Akaniambia, mkubwa, tuutoe kwanza upepo, bomba hili halijafungwa mnyororo. Nikamwambia fungua tu, tumechelewa. Akafungua. Bomba lilirusha kichwa likampiga hapa." Aligusa shingo yake. "Hakusema neno. Tulikuwa watatu. Mmoja ameshakufa, mwingine yuko ng'ambo."

"Ukamtupa selani."

"Tulimshusha. Hatukumtupa." Alifumbua macho kama aliyetukanwa. "Nilisema saa moja tu, nitulie, nijue nitasema nini. Saa moja ikawa jioni. Nikasaini mimi daftari la getini. Usiku ule nikaandika kitabu. Nilitaka kuandika samaki, lile neno moja tu lingenitosha, hakuna ambaye angeuliza. Mkono ukakataa. Alikuwa rafiki yangu. Sikuweza kumwita samaki."

"Lakini uliweza kumwita mtoro. Hata mimi ulinifanya nimwite hivyo."

"Ndiyo."

"Na binti yake? Kwa nini umlete hapa?"

"Alikuwa anatafuta kazi," alisema Msimamizi. "Nikawaza, angalau mmoja wao akae karibu naye. Halafu kukaanza kugonga. Kabla yake hakukuwa kunagonga, Inspekta. Waulize walinzi. Miaka minane kimya kabisa. Kumeanza siku ile alipofika."

Inspekta hakuliandika hilo. Aliandika mengine yote, neno kwa neno, akamsomea, akampa kalamu. Msimamizi alisaini kwa mwandiko ule ule mzuri. Saa kumi na moja kasorobo askari wawili wakampeleka garini, na wafanyakazi wakasimama pembeni kimya, wengine wakiwa wamevua kofia bila kuambiwa. Mashine ya kuvunjia zege ingefika asubuhi. Opereta aliirudisha kabari stoo mwenyewe, bila kungoja amri.

Chekeche alikuwa amekaa ukingoni mwa sela, miguu ikining'inia, simu mkononi. Inspekta alisimama kando yake. Alikuwa ametafuta maneno tangu kontenani, na hakupata mazuri, akasema yaliyokuwepo.

"Mimi ndiye niliyeandika lile neno. Kesho nitaandika barua kulifuta, niipeleke kwa mama yako kwa mkono wangu. Najua haitoshi."

"Haitoshi," alikubali Chekeche. Kisha akasogea kidogo, akampa nafasi akae.

Simu iliita mara moja tu. Inspekta aliisikia sauti ya mwanamke, karibu kana kwamba yuko nao pale.

"Mama, umekaa?"

"Nimesimama. Sema tu, mwanangu."

"Baba hakuondoka. Hakutuacha, Mama. Siku zote hizi yuko hapa hapa kazini. Alikufa siku ile ile, wakamficha. Tumempata."

Upande wa pili ilisikika pumzi moja ndefu, ya mtu aliyetua mzigo na bado hajui kunyoosha mgongo.

"Yuko mbali na wewe?"

Chekeche alitazama kutoka selani mpaka kwenye karai lake la kuoshea mawe. "Hatua nne, Mama. Miezi miwili yote nimekuwa hatua nne."

"Basi kaa naye," alisema mama. "Navaa viatu, nakuja."